Tarikhi ya Matiko katika Mwambao wa Nyanza

Mtu atokaye Kisumu kwa barabara ya Kakamega, kabla gari halijaanza kuupanda mlima wa Riat, hupita Mamboleo, mahali ambapo njia ya Miwani, Chemelil na Muhoroni hujitenga na njia kuu, na ambapo katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, uliokuwa kwa miaka mingi makutano ya wakulima wa Nyanza, pamejengwa uwanja mkubwa wa michezo uliofunguliwa mwaka 2021. Ni njia panda isiyopumzika: malori ya miwa na malori ya nondo hupishana na mikokoteni ya vyuma chakavu, na kandokando ya mishughuliko hiyo, kama ilivyo katika kila njia panda ya nchi yetu, hakosekani fundi wa chuma mwenye tanuri dogo la makaa, fuawe, nyundo, koleo na ndoo ya maji. Macho ya mpita njia huvutwa na moto wake. Katika makala haya nataka kuizungumzia ile ndoo.

Tarikhi ya uhunzi, popote inapoandikwa, aghalabu husimuliwa kwa upande wa moto: tanuri lilijengwaje, makaa yalitokana na mti gani, mivukuto ilipulizwa na nani. Maji hutajwa mwishoni, kwa neno moja, mithili ya jambo lisilohitaji maelezo. Walakini moto humpa mhunzi ruhusa tu ya kukipa chuma umbo alitakalo, na maji ndiyo yanayoamua umbo hilo litakuwa na tabia gani, kama litashika makali au litapinda, kama litadumu au litavunjika siku ya kwanza ya kazi. Na saa ya kukutana kwa viwili hivyo, ambayo haizidi pumzi chache, imebeba ndani yake ilimu pana ambayo wahunzi waliisoma kwa sikio na jicho zamani sana kabla ya wataalamu wa Ulaya na Japani kuipima na kuiandikia kanuni. Mwambao huu wa Nyanza umeiona ilimu hiyo ikipita katika daraja zake zote, na kwa hiyo unastahili kusimuliwa.

Uhunzi wa hapa ni wa kale mno. Huko Urewe, katika nchi ya Siaya, Walter Owen, kasisi mkuu wa Kianglikana ambaye wazee wa Nyanza humkumbuka zaidi kwa chama cha walipa kodi alichokiongoza kuanzia mwaka 1923, alipata vigae vya vyungu vya kale vyenye kibonyeo kwenye kitako. Naye alifariki mwaka 1945, hata maandishi juu ya vigae hivyo, aliyoyashiriki na Mary Leakey na Louis Leakey, yakatoka mwaka 1948, yeye mwenyewe hayupo kuyaona. Tangu hapo jina la mahali hapo padogo limekuwa jina la ustaarabu mzima ulioenea kulizunguka ziwa, kutoka Rwanda na Buhaya mpaka Nyanza, ambao watu wake walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyeyusha chuma katika Afrika ya Mashariki, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ni fahari ambayo watoto wa shule wa Siaya na Kisumu wangepaswa kuijua mapema kama wanavyojua majina ya wafalme wa nchi za mbali.

Ng'ambo ya ziwa, Katuruka na Kemondo katika Buhaya, Mmarekani Peter Schmidt alichimbua masalia ya matanuri ya zama hizo katika miaka ya 1970, kisha akawaomba wazee wa Kihaya waliokuwa wakiikumbuka kazi hiyo wajenge tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele yake. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery walitangaza katika jarida la Science kwamba mabomba ya udongo, yaliyopenyezwa mpaka ndani ya tanuri, yaliipasha hewa kabla haijafika motoni, na kwamba kwa hikima hiyo wahunzi wa kale walipata joto kubwa kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa. Kiasi cha joto hilo kimebishaniwa na wataalamu waliofuata, tena kwa hoja nzito. Lakini hakuna aliyekanusha kwamba wazee wale walikuwa na ustadi wao wenyewe, uliorithiwa kwa mafunzo na miiko, na usioazimwa kwa mtu yeyote.

Kwa upande wetu wa ziwa chimbuko kubwa la chuma lilikuwa milima ya Samia, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, ambako mawe mazito yenye chuma hupatikana bila kuchimba sana. Wasamia waliyavunja mawe hayo, wakayayeyusha kwa makaa, wakafua majembe yaliyosafiri mbali na makwao: kwa Wajaluo wa Alego na Yimbo, kwa Waluhya wa bara, na hata kwa Wasoga, yakibadilishwa kwa mbuzi na nafaka. Jembe katika siku hizo lilikuwa mali ya kuhesabiwa, na aliyelifua alikuwa mtu wa kuheshimiwa na wakati huohuo wa kuogopwa, maana aliweza kutoa kitu cha thamani katika jiwe, jambo ambalo wengine hawakuliweza.

Chuma kilichotoka katika matanuri ya namna hiyo hakikuwa maji ya chuma yaliyomiminwa, bali bonge lenye matundu, lililochanganyika na takataka za mawe, ambalo mhunzi alilipasha na kulifua tena na tena mpaka takataka zikatoka na chuma kikaungana. Kwa sehemu kubwa kilikuwa chuma laini, chenye kaboni kidogo. Na hapa pana nukta ambayo kisa chote kinaitegemea: chuma chenye kaboni kidogo, kikipashwa mpaka kikawa chekundu na kutumbukizwa majini, hakibadiliki tabia kwa kiasi kikubwa; maji hukipoza tu, ili kishikwe na kazi iendelee. Wahunzi wa chuma laini, duniani kote, hupata ugumu wa ukingo kwa nyundo zaidi kuliko kwa maji. Bila shaka bonge moja huweza kuwa na sehemu yenye kaboni nyingi kando ya sehemu isiyo nayo, na mhunzi aliyekutana na sehemu hiyo alitambua kwamba kipande kile hakikutii kama vingine; lakini kwa jumla maji ya Samia yalikuwa mtumishi wa tanuri, hayajawa hakimu wake.

Yaliyoyapa maji cheo kipya yalikuja kwa njia ya reli. Tarehe 20 Desemba 1901 njia ya reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence kwa heshima ya Florence, mkewe Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa mataruma na vyuma. Na mwaka mmoja kabla ya hapo meli ya moshi William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande na kukawia njiani kwa miaka, ilikuwa imekwisha unganishwa na kushushwa majini hapohapo Kisumu. Zikafuata Winifred na Sybil, kisha Clement Hill na Nyanza, na karibu na Vita Kuu ya kwanza zikaja Usoga na Rusinga. Reli ileile iliyoleta meli ilileta pia majembe ya viwanda vya Ulaya, yaliyo sawasawa kwa umbo na rahisi kwa bei, na katika miongo michache matanuri ya Samia yakazimwa. Ni msiba ambao haukuliliwa vya kutosha. Watu waliokuwa na maarifa ya kukitoa chuma katika mlima walibaki wafuaji wa chuma kilichotolewa na wengine, na mengi waliyoyajua kuhusu mawe, makaa na upepo yalizikwa pamoja nao.

Lakini mkono wa mhunzi haukukosa kazi, na katika karakana za reli na bandari ya Kisumu ulikutana na chuma ambacho Samia haikukijua kwa wingi: chuma cha pua cha reli, cha ekseli na cha springi, chenye kaboni iliyopimwa. Ulikutana vilevile na mafundi wengine, hasa Kalasinga wa Punjabi, ambao wengi wao walikuwa wahunzi na maseremala kwa nasaba kabla ya kuvuka bahari. Na zaidi ya yote ulikutana na boila.

Mtu asiyewahi kulitafakari boila hulidhani kuwa chungu kikubwa cha maji, ilhali ni vita vya daima juu ya bati moja. Ndani ya kichwa cha gari la moshi, moto wa kuni, na baadaye wa mafuta mazito, uliwaka katika sanduku la chuma lililozungukwa na maji pande zake na juu yake. Upande mmoja wa bati palikuwa na miali iliyopita nyuzijoto 1,000, upande wa pili palikuwa na maji yanayochemka, na bati halikulainika kwa sababu moja tu, kwamba maji yalilinyang'anya joto upesi kama moto ulivyolipa. Maji yakipungua hata bati la juu la sanduku likaachwa wazi, basi katika dakika chache lilishindwa kuustahimili mvuke uliolikandamiza, likapasuka na kuua. Ndiyo sababu waundaji waliweka katika bati hilo vizibo vyenye risasi ndani, ili risasi iyeyuke mapema na mvuke umwagike juu ya moto kabla ya maafa. Ndiyo sababu, pia, dereva na mtia kuni wake walilitazama lile bomba la kioo la kupimia maji mara nyingi kuliko walivyoitazama njia.

Maji yenyewe yaliingizwa humo kwa chombo cha ajabu, kilichobuniwa na Mfaransa Henri Giffard mwaka 1858, kisichokuwa na gurudumu wala pistoni: mvuke wa boila hupenyezwa katika tundu jembamba, hushika kasi, huyabeba maji na kuyarusha kwa mchirizi wenye nguvu kiasi cha kulifungua tena boila lilelile ambamo mvuke huo ulitoka. Jambo hili huonekana kama kitendawili kwa anayelisikia mara ya kwanza, na nimewahi kukutana na watu wenye shahada ambao hawakulikubali mpaka wakachorewa. Ufunguo wake ni kwamba mvuke, ukikutana na maji baridi, hugeuka maji na kuacha kasi yake yote ndani ya kitu kidogo na kizito.

Sasa inafaa tusimame kidogo tuyatazame maji yanapogusa chuma cha moto, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mwaka 1756, huko Duisburg katika Ujerumani, tabibu Johann Gottlob Leidenfrost alichapisha kitabu cha Kilatini juu ya sifa za maji ya kawaida, na humo alieleza kwamba alidondosha tone la maji katika kijiko cha chuma kilichopashwa mpaka kikawa chekundu, akaona tone halitoweki mara moja, bali linazunguka na kutetemeka zaidi ya nusu dakika. Kijiko kilipopoa kidogo, tone lililofuata lilitoweka upesi zaidi. Mpishi wa chapati anayenyunyizia matone juu ya kikaango ili ajue kama kimepata moto huona jambo lilelile: kikaango cha vuguvugu huliacha tone litandae, kilichopata moto hulilipua mara moja, na kilichopita kiasi hulifanya lirukeruke lisife.

Sababu yake ni mvuke. Chuma kikizidi joto la kuchemka kwa nyuzi chache, viputo huzaliwa juu yake, huinuka, na nafasi zao huchukuliwa na maji mapya; kadiri joto linavyozidi ndivyo viputo vinavyozidi, na ndivyo chuma kinavyonyang'anywa joto kwa kasi, hata kufikia takriban wati milioni moja kwa kila mita mraba. Maana kilo moja ya maji ya kawaida huhitaji kilojuli 314 hivi ili ipande kutoka nyuzijoto 25 mpaka 100, lakini huhitaji 2,257 ili igeuke yote kuwa mvuke. Kwa hiyo hazina kubwa ya kupozea imo katika kule kugeuka, na si katika ubaridi wa maji. Lakini chuma kikizidi sana, viputo huwa vingi hata vikagusana na kuungana, vikafanya utando wa mvuke uliolala kati ya chuma na maji. Mvuke ni mchukuzi dhaifu wa joto. Hapo chuma chekundu hukaa ndani ya maji baridi, kimevikwa vazi linalokilinda na maji hayohayo, na hupoa polepole mpaka utando ukatike. Na ukikatika, maji hukigusa kwa ghafla na joto hutoka kwa fujo.

Aliyezipima daraja hizi kwa hesabu alikuwa Mjapani Shiro Nukiyama wa chuo kikuu cha Tohoku, mwaka 1934. Alizamisha uzi mwembamba wa madini katika maji, akapitisha umeme ndani yake, akaongeza nguvu taratibu huku akipima joto. Akaona kwamba kuna kilele ambacho kupita kwake ni hatari, kwani uzi ukikivuka huruka ghafla kwenye joto kubwa mno, na uzi dhaifu hukatika. Maandishi yake yalikaa miongo kadhaa katika lugha yake kabla ya kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1966. Leo hakuna mwanafunzi wa uhandisi wa joto asiyechora mchoro wake: kupanda, kilele, kuteremka, na kupanda tena.

Naam, mhunzi hakuchora mchoro, bali aliusikia. Simama karibu na ndoo fundi anapozamisha tindo jekundu: kwanza huja mvumo mzito wa chini, karibu na ukimya, kisha, ghafla, ukelele mkali na mtikisiko unaopanda kwa koleo mpaka kwenye kiganja, halafu mchemko wa kawaida unaofifia. Mvumo wa kwanza ni utando wa mvuke, ukelele ni utando kukatika, na mchemko ni viputo vya mwisho. Mkono uliozoea huhesabu muda kati ya sauti hizo, huujua wakati wa kuchomoa, na hutambua kipande kilichopashwa kupita kiasi kwa urefu wa ule mvumo wa awali. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa kuwa nimesikia watu wa kalamu wakiita maarifa haya kubahatisha. Si kubahatisha hata kidogo, ni kipimo, na chombo cha kupimia ni sikio.

Jambo moja la mahali lifaa kutajwa. Ziwa lipo mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo hewa ya Kisumu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na maji hapa huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi. Kwa mhunzi tofauti hiyo ni ndogo. Kwa boila haina maana kabisa, kwani ndani yake, chini ya shinikizo lililozidi la hewa mara kumi na mbili, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 190. Lakini ziwa liliwapa mafundi wa meli neema nyingine: maji yake yana chumvi na chokaa kidogo, ilhali maji ya visima vingi vya bara kavu huacha ukoko juu ya bati, na ukoko huo, hata ukiwa mwembamba, huyazuia maji yasilifikie bati na kulifanya liungue polepole bila dalili ya nje.

Baada ya Vita Kuu ya pili malori yalipokuwa mengi, na hususan baada ya uhuru, chuma cha pua kilitoka nje ya karakana za serikali kikaingia sokoni kwa njia ya springi zilizovunjika. Soko la Kibuye, lililo miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika Afrika ya Mashariki, likawa na safu zake za wafua chuma. Na pale Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1985, na kuwaahidi vibanda, kazi hii ya jua kali ilianza kutambuliwa na serikali iliyokuwa ikiiona kama kero. Mtindo wa kazi umebaki uleule mpaka leo kando ya barabara za Kisumu na Mamboleo. Springi ya lori, yenye kaboni kama sehemu sita katika kila elfu, si chuma cha Samia: ikitoka motoni nyekundu na kupozwa upesi huwa ngumu mno, na papo hapo huwa rahisi kuvunjika kwa pigo, huweza kupasuka kama imepozwa bila adabu. Hapo maji yakawa hakimu.

Kwa hiyo pakazaliwa, au tuseme pakaingia, utaratibu mzima wa kutia matiko. Fundi hupasha ncha ya tindo mpaka ifikie wekundu ulioiva, lakini usiofikia weupe; huizamisha ncha peke yake, kiasi cha vidole viwili, akiipandisha na kuishusha ili pasiwe na mpaka mkali kati ya pagumu na palaini; kisha huitoa ingali na joto nyuma, huisugua upesi kwa jiwe mpaka ing'ae, na husubiri. Joto lililobaki katika mwili wa tindo hutambaa kuelekea kwenye ncha, na juu ya mng'aro hupita rangi kwa mpango usiobadilika: manjano hafifu kwenye nyuzi 220 na kitu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha buluu karibu na 300. Wa kisu hukomea kwenye manjano, wa tindo kwenye zambarau, wa kitu kinachopaswa kunesa huiacha mpaka buluu. Na rangi inayotakiwa ikifika ukingoni, chombo chote huzamishwa. Katika sanaa zote za mikono ninazozijua, sijui nyingine ambayo hukumu yake hutolewa kwa rangi inayotembea na kupotea ndani ya muda mfupi namna ile.

Na kwa nini fundi huzungusha chuma ndani ya ndoo, asikiache kitulie? Kwa sababu utando wa mvuke hupenda utulivu. Ukisukumwa na maji yanayopita hukonda na kukatika mapema, na huko mapema ndiko kunakoamua kama chuma kitapata ugumu au la. Kwa nini panga huingizwa kwa ukingo na si kwa ubapa? Kwa sababu ubapa mmoja ukipoa kabla ya wa pili, panga hupinda. Na kwa nini wapo wanaochagua mafuta machafu ya injini badala ya maji? Kwa sababu mafuta hunyang'anya joto kwa upole, chuma hakipasuki, ingawa ugumu hupungua. Wapo pia wanaomimina maji kwa kopo juu ya sehemu moja tu ya chombo kikubwa kisichoenea ndooni. Na huu mchirizi mdogo wa kopo, usiopewa heshima na mtu, una kanuni kubwa kuliko ndoo yenyewe. Pale mchirizi unapopiga, nguvu ya maji huutoboa utando na kukigusa chuma hata kikiwa na nyuzi mia kadhaa. Doa jeusi huonekana katikati ya wekundu. Kulizunguka doa pana duara la mchemko mkali, na nje ya duara maji hurushwa yasiguse kitu. Doa hupanuka polepole, na fundi huliongoza kwa mkono.

Nilitaja malori ya miwa, nayo yana sehemu katika kisa hiki. Wahindi waliopewa ardhi Kibos mwanzoni mwa karne iliyopita walilima miwa, na mwaka 1922 kiwanda cha Miwani kikaanza, cha kwanza cha aina yake katika nchi hii. Kilisimama mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikawaachia vijiji vya jirani umaskini ambao haujaisha. Maji ya miwa hayachemshwi viwandani kama sukari guru inavyochemshwa katika karai, bali katika vyombo vilivyopangwa, mvuke wa kimoja ukichemsha kinachofuata chini ya shinikizo linalopungua; na hikima hiyo ilitoka kwa Norbert Rillieux, mtu mwenye asili ya Kiafrika aliyezaliwa New Orleans mwaka 1806, akapata hataza yake mwaka 1843, wakati ambao katika mji uleule watu wa rangi yake waliuzwa mnadani.

Mchirizi wa kopo umerudi katika zama zetu kwa umbo la jitu. Katika viwanda vya kufua mabati mazito, bamba la chuma hutoka katikati ya magurudumu likiwa na nyuzi kati ya 800 na 900, hukimbia juu ya roli, na humwagiwa safu za michirizi ya maji juu na chini, ili lifike kwenye joto lililokusudiwa kabla ya kuviringwa. Pakikosewa upande mmoja, bamba hupinda au hutoka na ugumu usio sawa. Wataalamu hupiga picha za kasi za lile doa jeusi na duara lake la mchemko, na huuliza maswali ambayo fundi wa Kibuye angeyafahamu mara moja: utando hukatika lini, doa hupanuka kwa kasi gani, maji yarushwe kwa nguvu kiasi gani. Huko Liège, Ubelgiji, katika miaka ya 1970, utafiti wa namna hiyo ulizaa nondo za aina mpya. Nondo hutoka kwenye magurudumu ingali nyekundu, hupita katika mabomba yenye maji ya nguvu kwa muda mfupi sana, ganda lake likawa gumu huku kiini kingali na moto. Kisha joto la kiini hurudi nje na kulitia ganda matiko, kwenye nyuzi 600 hivi, bila mkono wa mtu. Ni ileile kazi ya tindo na rangi zake, imefanywa kwa upande wa ndani kuelekea nje. Viwanda vya chuma vya Kenya hufua nondo hizi leo, na ndizo zinazopita Mamboleo juu ya malori kuelekea Kakamega.

Vipande vyake vinavyobaki katika majengo huishia kwa wafua chuma, na hapa mafundi wapya hupotoshwa, kwa kuwa nondo ni ngumu kukunja na kukata hata mtu akadhani itafaa kwa tindo. Haifai. Ugumu wake umo katika ganda tu, tena ni ugumu wa maji, si wa kaboni, ambayo ndani yake haizidi sehemu mbili na nusu hivi katika elfu. Ikirudishwa motoni hata ikawa nyekundu, ganda hupoteza kila kitu lilichopewa kiwandani, na ndoo ya fundi haiwezi kuirudishia kitu cha kutosha kukata chuma kingine. Aliyefundwa vizuri huiacha nondo kwa wafanya madirisha na mageti, akachukua springi, au tupa iliyokwisha meno, au ekseli. Huigusisha jiwe la kunolea linalozunguka na kuzitazama cheche, ambazo katika chuma chenye kaboni hupasuka matawi mengi mafupi, na katika nondo hutoka ndefu, zenye matawi machache. Asiye na jiwe hupasha ncha ndogo, huizamisha na kuijaribu kwa tupa: tupa ikiteleza bila kushika, chuma ni cha tindo, ikishika na kutoa unga, kirudishwe katika lundo la chuma chakavu.